Mshahara ukikoma, bima ya mkopo inamlinda nani?

Kwenye karatasi ya mkopo wa mshahara kuna mstari ambao wakopaji wengi huupita haraka, kwa sababu macho yanakimbilia chini palipoandikwa kiasi watakachopokea mkononi. Mtu ameomba milioni 12, anapokea pungufu ya hapo. Imekatwa ada ya kushughulikia mkopo, na mstari unaofuata unasema bima. Makato hayo hufanyika mara moja kabla fedha haijaingia kwenye akaunti, nayo yanabeba miaka yote ya mkopo. Mkopaji anasaini, anashukuru, anatoka. Kwa kawaida hatasikia tena habari za bima hiyo.

Ninaandika kwa ajili ya mkopaji mmoja ambaye ni rahisi kusahaulika: yule aliyechukua mkopo akiwa na mshahara, kisha akaacha kazi ili ajiajiri. Mkopo anaondoka nao. Bima aliyoilipia iliandikwa kwa maisha aliyokuwa akiishi siku ile anasaini, na sehemu ya kinga yake huisha siku anapokabidhi barua ya kuacha kazi. Hakuna anayemwambia.

Mkoani Singida jambo hili lina uzito wake. Mkoa una watu 2,008,058 kwa sensa ya mwaka 2022, na ajira za mshahara ni chache: walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri zake saba, polisi, wafanyakazi wa benki, wa mashirika na wa viwanda vya kukamua mafuta. Nje ya hapo mkoa unaishi kwa alizeti, vitunguu, mtama, kuku wa kienyeji, asali ya Itigi, korosho za Manyoni, maduka na bodaboda. Mshahara humpa mtu kitu ambacho shamba halimpi, yaani uwezo wa kukopa bila kuweka hati ya nyumba mezani. Ndiyo maana wengi wenye ndoto ya biashara hukopa kwanza wakiwa kazini, biashara ikianza kusimama ndipo wanaaga.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kiomboi, ambaye nimemtunga ili hesabu ionekane. Anakopa milioni 12 kwa miaka mitano. Tuseme riba ni asilimia 17 kwa mwaka kwa salio linalopungua; rejesho lake litakuwa karibu Sh298,000 kila mwezi. Tuseme bima ni asilimia 1.5, hivyo anakatwa Sh180,000 siku ya kwanza. Sheria inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote, naye anabaki nayo kwa shida. Fedha ananunulia mashine ya kukamua alizeti. Miaka miwili baadaye anaona mashine inamlipa kuliko chaki, anaandika barua ya kuacha kazi. Kufikia siku hiyo amekwisha kulipa zaidi ya milioni saba, na bado anadaiwa takriban milioni 8.4, maana miaka ya mwanzo ya mkopo sehemu kubwa ya rejesho huliwa na riba.

Milioni 8.4 hizo sasa zinamtegemea mtu ambaye hana tarehe ya mshahara.

Karatasi inasema nini

Bima nyingi zinazoambatana na mikopo nchini ni za maisha. Mkopaji akifariki, kampuni ya bima inalipa salio la mkopo kwa benki, na familia inaachiwa dhamana. Akipata ulemavu wa kudumu unaomzuia kufanya kazi kabisa, hali ni hiyohiyo. Wazo hili si geni. Mwaka 1917 wakili wa Marekani Arthur J. Morris, aliyekuwa akiendesha benki za kukopesha watu wa kipato cha kawaida, alianzisha kampuni ya bima ili deni la mkopaji aliyefariki lisiwaangukie mjane na wadhamini. Vyama vya kuweka na kukopa vya nchi hiyo vikafuata mwaka 1935 kwa kuunda kampuni yao wenyewe. Ni wazo la kiungwana, na kwa familia iliyofiwa lina thamani kubwa kuliko rambirambi zote zitakazowekwa kwenye daftari.

Sehemu hii ya kifo na ulemavu kwa kawaida haijali kama unalipwa na mwajiri au unajilipa. Mwalimu wetu akiendelea kuwa mkopaji halali, na mkopo ukiwa haujabadilishwa, familia yake bado ina kinga hiyo. Lakini sentensi hiyo ina masharti mawili, na yote mawili huyumba mtu anapoacha kazi. Mikataba mingi ya mikopo ya mshahara inasema ajira ikikoma, salio lote linaweza kudaiwa kwa mkupuo, au mkopo ugeuzwe kuwa wa biashara wenye riba na muda tofauti. Mkopo ukiandikwa upya, ule wa zamani umefungwa, na bima yake imefungwa nao. Je, mpya umekatiwa bima? Kwa miaka mingapi? Na ile sehemu ya Sh180,000 ambayo miaka yake mitatu haijatumika imekwenda wapi? Maswali hayo yana majibu ya shilingi na senti, na mkopaji ana haki ya kuyauliza kabla hajashika kalamu.

Baadhi ya bima za mikopo ya wafanyakazi huongeza kipengele cha tatu: kupoteza ajira. Hapo ndipo wengi hudhani wamefunikwa. Kipengele hicho huandikwa kwa ajili ya mtu aliyepunguzwa kazini, yaani mwajiri amefunga shughuli au amepunguza wafanyakazi. Hulipa marejesho ya miezi michache tu wakati mhusika anatafuta kazi nyingine, na hudai barua ya mwajiri kama ushahidi. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hayumo. Aliyefukuzwa kwa kosa hayumo. Aliyemaliza mkataba wa muda maalumu mara nyingi hayumo. Na aliyejiajiri hawezi kuingia hata kama angetaka, kwa kuwa hana mwajiri wa kumwandikia barua.

Sheria za kazi na za mifuko ya hifadhi ya jamii zinamtazama vivyo hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyeachishwa na mwajiri kiinua mgongo cha ujira wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, kikomo miaka kumi. Kwa hesabu hiyo hata aliyetumikia miaka ishirini anapata ujira wa siku sabini. Fao la kukosa ajira, lililoingia na mabadiliko ya sheria za mifuko mwaka 2018, linampa mwanachama wa NSSF asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita, sharti awe amechangia angalau miezi 18 na asiwe ameacha kazi mwenyewe. Anayeandika barua ya kuaga anajifungia milango yote hii kwa siku moja.

Nchi iliwahi kuona mshahara ukikatika kwa maelfu ya watu kwa mpigo. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Tuache suala la vyeti, ambalo lina hukumu yake. Kwa aliyekuwa na mkopo miongoni mwao, makato yaliyokuwa yakipita kwenye mshahara yalikosa pa kupita, na aliyeondolewa kwa kosa hana kipengele cha bima cha kumshika mkono. Deni likabaki na mtu na familia yake. Wenza na watoto ambao hawakughushi chochote walijikuta wamo ndani.

Waingereza walilipa gharama ya kutosoma

Swali la bima ya mkopo na mtu aliyejiajiri limekwisha kutikisa nchi moja nzima. Uingereza, kati ya mwaka 1990 na 2010, benki ziliuza hadi bima milioni 64 za kulinda marejesho. Ahadi ilikuwa kwamba ukiugua, ukipata ajali au ukipoteza kazi, bima italipa rejesho lako la mwezi. Ilikuwa biashara yenye faida nono, na maofisa mikopo waliisukuma kwa kila aliyekaa mbele yao. Mafundi bomba, madereva wa teksi, wenye vibanda na wakulima wakakatwa kila mwezi kwa ajili ya kinga ya kupoteza ajira ambayo wasingeweza kuidai kwa urahisi, au wasingeweza kabisa, kwa kuwa walikuwa wakijiajiri.

Septemba 2005 shirika la Citizens Advice, linalowasaidia raia kwa ushauri wa bure, lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani wa biashara. Benki zikabisha hadi Mahakama Kuu, zikashindwa Aprili 2011. Mpaka dirisha la madai linafungwa Agosti 29, 2019 na hesabu kukamilika, zilikuwa zimerudisha zaidi ya pauni bilioni 38 kwa wateja. Sidhani kama kuna bidhaa nyingine ya fedha ya mtu wa kawaida iliyowahi kurudishiwa fedha nyingi kiasi hicho.

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayotufaa zaidi kuitazama. Kanuni zake za bima ya mikopo zilizoanza kutumika Agosti 2017 ziliweka ukomo wa bei, kwa mikopo mingi randi 4.50 kwa mwezi kwa kila randi 1,000 za deni, zikataja kinga ambazo lazima ziwemo: kifo, ulemavu wa kudumu, ulemavu wa muda, na kukosa ajira au kushindwa kujipatia kipato. Maneno hayo ya mwisho yanafungua mlango. Fundi cherehani wa Soweto anaweza asiwe na kazi ya kupoteza, ila kipato anacho, na kipato kinaweza kukatika. Aliyeandika kanuni ile alimwona.

Kwetu, usimamizi upo. Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Benki zimeruhusiwa kuuza bima kama mawakala, nazo zinauza katika matawi yaleyale yanayokopesha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga wakopeshaji katika madaraja manne, kuanzia benki zinazopokea amana, kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, SACCOS, hadi vikundi vya kijamii kama VICOBA. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aeleze gharama na masharti kwa uwazi kabla mteja hajafungwa. Kilichobaki ni karatasi yenyewe, na mtu anayeisoma saa nne asubuhi huku foleni ikiwa nyuma yake.

Mvua, bei na mashine

Tumrudie mwalimu wetu, tumuulize ni nini hasa kinaweza kumzuia kulipa Sh298,000 mwezi ujao. Kifo kimo kwenye bima. Ulemavu wa kudumu umo. Vilivyobaki, ambavyo ndivyo vinavyotokea mara nyingi, havimo.

Kuna mvua. Singida ni nchi ya ukame wa kadiri. Inapata msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, na zikikatika Januari mkulima anaona kwa macho alizeti ikichanua ikiwa fupi. Mwenye mashine naye anaumia, maana gunia ambalo halikuvunwa halitakamuliwa. Kuna bei. Mwaka 2021 Serikali iliitaja Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya mkakati wa alizeti, watu wakapanua mashamba na wengine wakanunua mashine. Msimu wa 2023 bei ya alizeti iliporomoka, wakulima na wakamuaji wakilalamikia mafuta ya kula yaliyoingia kutoka nje baada ya kupunguzwa kwa ushuru. Aliyekopa kwa hesabu za bei ya mwaka uliotangulia aliingia msimu mpya akiwa na hasara mkononi. Hakuna bima ya mkopo niliyowahi kuisoma inayolipa kwa sababu bei imeshuka.

Kuna na mwendo wa kipato chenyewe. Alizeti huvunwa kuanzia Aprili, mashine zinanguruma miezi kadhaa, kisha nyingi zinalala zikisubiri msimu. Mwenye mashine anaweza kupata fedha nyingi Juni na Julai, na akakosa hata ya umeme Februari. Mkopo wa mshahara haujui Februari. Ulipangwa kwa mtu anayelipwa kila mwezi, na marejesho yake yanadai kila mwezi.

Kuna ugonjwa wa wiki tatu. Mwenye ajira akilazwa, mshahara unaingia; sheria inampa likizo ya ugonjwa yenye malipo. Mkamuaji akilazwa, mashine inasimama au inaachiwa kijana asiyejua mafuta yamepimwaje. Ugonjwa wa namna hiyo si ulemavu wa kudumu, kwa hiyo bima ya mkopo haiutazami. Dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu barabara ya Manyoni yuko hapohapo: miezi minne kitandani, pikipiki ya mkataba inadai kila siku, na daktari anaandika kwamba atapona. Kupona kwake ndiko kunakomwondoa kwenye fidia.

Na kuna moto na wizi. Usiku wa Julai 10, 2021 soko la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua, na nchi ikasikia vilio vya wafanyabiashara waliokuwa na mikopo benki huku mali yao ikiwa haina bima. Bima ya mkopo haikuwahi kuwa ya mali. Ingekuwa bora kibanda cha vitunguu katika soko la Misuna, au banda la mashine kule Ikungi, kikatiwe bima yake ya moto, na mara nyingi gharama yake kwa mwaka haifiki rejesho la mwezi mmoja kwa mali ya kiasi hicho. Kwa upande wa shamba, mwaka 2023 kampuni za bima ziliungana kuunda umoja wa bima ya kilimo nchini, unaojulikana kwa kifupi TAIC, ili zigawane hatari ambayo kampuni moja peke yake iliiogopa. Anayekopa kwa ajili ya shamba aulize mkopeshaji wake kama wanafanya kazi na umoja huo na kwa mazao gani.

Nimesikia ikisemwa kwamba kujiajiri ni kujitegemea, na anayejitegemea ajue kubeba yake. Silikubali hilo likisemwa na mtu aliyepokea fedha ya bima. Ukimkata mteja kwa ajili ya kinga, unawajibika kumwambia kinga hiyo inaishia wapi, hasa pale unapojua kwamba maisha yake yanabadilika. Na benki inajua: mshahara wake unapitia kwao, na mwezi wa kwanza usipoingia, wao ndio wa kwanza kuona.

Lipo jambo moja ambalo lingemsaidia mwalimu kuliko bima yoyote, nalo halina gharama. Aende benki kabla ya kuandika barua. Mtu mwenye mshahara anapoomba mkopo wake upangwe upya ana nguvu mezani. Akija miezi mitatu baada ya mshahara kukoma, akiwa na marejesho mawili yaliyochelewa, anaongea kama mshitakiwa. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Benki Kuu ilizitaka benki zizungumze na wakopaji walioathirika na kuipanga upya mikopo yao, mmoja mmoja. Utaratibu huo haukuwa wa janga pekee; upo siku zote kwa anayeomba mapema na mwenye hesabu mkononi. Kwa mkamuaji wa Singida maana yake ingekuwa kuomba rejesho kubwa miezi ya mavuno na dogo miezi ambayo mashine imelala, pamoja na bima mpya inayolingana na muda mpya.

Wengine hawakopi benki kabisa. Katika SACCOS, swali ni kama chama kimenunua bima kwa mikopo ya wanachama au kina mfuko wake wa ndani wa kinga, na kama mwanachama aliyeacha kazi bado anahesabiwa. Katika vikundi vinavyopata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba ambayo nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, deni ni la kikundi. Mmoja akifariki, waliobaki wanavuta. Mfuko wa jamii wa VICOBA hununua sanda na chakula cha msiba, na Mungu awabariki wanaouchangia, lakini haujengwi kufuta mkopo wa milioni tatu. Wanaokopesha kwa riba kubwa, mikopo iitwayo kausha damu, hawana bima ya kuzungumzia. Dhamana yao ni kitanda, runinga na aibu ya mkopaji mbele ya majirani.

Mwenza asiye na nakala

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Ni ulinzi mzuri, na wanawake wengi wamepona nao. Mkopo wa biashara, ambao mwalimu wetu atahitaji akishatoka kazini, huenda ukataka nyumba au hati ya kimila ya shamba. Mke anaitwa, anasaini, anapigwa picha ndogo. Amekubali kwamba mambo yakiharibika nyumba inaweza kuuzwa.

Hakuna anayemwambia siku hiyo kwamba mume akifariki, kuna kampuni ya bima inayopaswa kulipa salio. Mkataba mkuu wa bima ni kati ya benki na kampuni. Mkopaji yumo kama jina katika orodha. Akipewa cheti, kinabaki kwenye bahasha ofisini au kwenye simu yenye neno la siri. Kwa hiyo mume anafariki, arobaini inapita, na ofisa mikopo mpya ambaye hakuwepo wakati mkopo unatolewa anapiga simu kuuliza marejesho. Mjane anauza mbuzi, kisha gunia, akilipa deni ambalo lingeweza kuwa limekwisha siku aliyozika.

Madai ya bima yana muda wake wa kutoa taarifa, na kuchelewa huipa kampuni sababu ya kubisha. Kinachotakiwa si kikubwa: cheti cha kifo kutoka RITA, kibali cha mazishi, barua ya mtendaji, kitambulisho cha marehemu, taarifa ya mkopo, na taarifa ya polisi kama ilikuwa ajali. Familia ipeleke taarifa ya kifo kwa mkopeshaji kwa maandishi, ibaki na nakala iliyogongwa mhuri, na iulize kwa maandishi pia jina la kampuni ya bima. Mkopeshaji aliyekuwa mnufaika wa kwanza wa bima hiyo anapaswa kuwa wa kwanza kuifuata. Akikaa kimya huku akimdai mjane, familia isianze kulipa kabla haijapata jibu.

Jambo jingine huvunja madai na linafaa kusemwa bila kuficha. Fomu ya bima huuliza kuhusu afya. Ofisa mwenye haraka huweka alama za "hapana" mwenyewe, mkopaji anasaini. Miaka miwili baadaye kampuni inakuta kwenye faili la hospitali kwamba alikuwa akitibiwa moyo tangu kabla ya mkopo, na madai yanakataliwa kwa sababu ukweli ulifichwa. Mtu ajaze mwenyewe, aandike ugonjwa alio nao. Bima ikipanda bei au ikamkataa, ni afadhali ajue siku hiyo akiwa hai kuliko watoto wake wajue baadaye.

Madai yakikataliwa bila sababu inayoeleweka, kuna pa kwenda. TIRA ina ofisi ya Kanda ya Kati mjini Dodoma, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka Singida. Kuna pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na sheria ileile ya 2009 kusikiliza wananchi wasioridhika na kampuni za bima, na mlalamikaji hahitaji wakili kufika hapo. Malalamiko dhidi ya benki yenyewe huanzia kwa benki kwa maandishi, kisha Benki Kuu. Na kama nyumba tayari imewekewa nia ya kuuzwa, sheria inamtaka mkopeshaji atoe ilani ya siku 60 kwanza. Siku hizo zinatosha kuulizia bima iliyosahauliwa, endapo kuna aliyejua kwamba ipo.

Ninachokitaka kwa benki na kampuni za mikopo za mkoa huu kinaenea ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida, unaotolewa pamoja na fedha, nakala moja kwa mkopaji na moja kwa mwenza: kampuni gani ya bima, namba gani ya mkataba, inalipa nini, hailipi nini, inakoma lini, ukiacha kazi kinatokea nini, ukilipa mapema unarudishiwa kiasi gani, na namba ya simu ya kutoa taarifa ya msiba. Kwa TIRA, ombi ni kubwa zaidi kidogo: kipengele cha kukosa kipato kiandikwe upya ili kimguse asiye na mwajiri, hata kama ni kwa kulipa marejesho matatu tu baada ya ajali yenye vyeti vya hospitali. Hatari ya mguu uliovunjika inahesabika. Kampuni zinazokatia magari bima ya ajali zinaihesabu kila siku.

Mikopo ya msimu huombwa Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Anayekusudia kuaga kazi mwaka huu na kuingia kwenye alizeti, vitunguu au duka ana muda wa kutosha kwenda tawini akiwa bado na mshahara, akaomba taarifa ya salio, nakala ya cheti cha bima na maelezo ya maandishi ya kitakachotokea mwezi wa kwanza mshahara usipoingia. Aende na mwenza wake.